Safari Tatu za Vani Kwenda Ukweni

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nililala ndani ya vani ya mtu mwingine kwa karibu miezi saba. Sikuingia kwa siri. Mwenyewe ndiye aliyenipa ufunguo wa mlango wa nyuma, akaniambia, "Ukilala humo wewe, wezi hawatalala humo." Alikuwa mfanyabiashara wa magunia yaliyotumika. Aliyanunua kwenye magodauni na kwenye maduka ya unga, akayapeleka mitaa ya Huruma na Baba Dogo kwa wauza makaa na wauza viazi. Vani iliegeshwa nyuma ya nyumba za Mbotela, karibu na kamba za kuanikia nguo, nami nilijitandikia magunia yake, ambayo yalinuka mahindi na hayakuwa mabaya.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Tangu hapo nilikuwa nimepita Kisumu, Nakuru na Mombasa, nimeponda kokoto, nimeuza magazeti, nimemshikia vyuma fundi wa kuchomelea, na hakuna kazi hata moja iliyonikalia mwaka mzima. Nikishaelewa jinsi jambo linavyofanyika, miguu huanza kuwasha. Vani ile ndiyo iliyonishika kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ilikuwa na jambo ambalo hakuna mtu aliyelielewa.

Ilikuwa kuukuu. Mwenyewe aliinunua mnadani, kutoka kwa familia ya wazungu waliokuwa wamerudi kwao. Magari mengi tuliyoyajua yalikuwa na feni ya kuzungushwa na mkanda wa injini. Hii ilikuwa na feni ya umeme, yenye mota yake ndogo, imekaa nyuma ya rejeta, lile sanduku la mbele linalopoza maji ya injini. Zamani feni ilikuwa ikijiwasha yenyewe maji yakipata moto, maana kulikuwa na kiswichi kilichozamishwa ndani ya rejeta. Kiswichi hicho kikafa. Mwenye vani akaipeleka kwa fundi wa waya, rafiki yake waliyetahiriwa mwaka mmoja, ambaye kibanda chake kilikuwa kando ya Jogoo Road. Huyo akafanya ambalo fundi yeyote wa barabara ile angelifanya: akaunganisha dairekti. Waya ukatoka kwenye betri, ukapitia swichi ya taa ya nyumba, nyeupe, iliyokazwa kwa skrubu kwenye dashibodi, ukaenda kwenye feni. Ukiingia ndani ya vani unawasha feni kama unavyowasha taa ya sebuleni.

Mjini haikusumbua hata siku moja. Ilikwenda Huruma imejaa magunia, ikasimama kwenye foleni, ikarudi, na mshale wa joto haukupita nusu. Taabu ilianza mwenye vani alipotaka kuoa.

Alikuwa amepita miaka arobaini. Mwanamke aliyempata alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliyekodi chumba Baba Dogo, na kwao kulikuwa juu ya Murang'a, kwenye matuta ya majani chai. Baba yake alikuwa na mkwe mwingine aliyewahi kuja kwake na suti ya kuazima ndani ya gari la kuazima, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa na mke Nakuru. Kwa hivyo mzee alimtumia mwenye vani neno moja tu: aje na kilicho chake. Mwenye vani akajibu kwamba atakuja na gari lake mwenyewe. Basi akawa amejifunga. Kupanda basi baada ya hapo kungekuwa sawa na kusema alidanganya.

Safari ya kwanza mimi sikwenda, niliisikia tu. Walipakia blanketi la mama mkwe, sukari, kibuyu cha pombe ya muratina, na mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike mchanga, ambao kwa desturi ya kwao ndio wanaofungua maneno. Mimi si mtu wa huko, kwa hivyo niliuliza kila kitu, nao walinieleza bila kuchoka. Kwenye mashamba ya mananasi ya Thika, karibu na mti mmoja, vani ikachemka. Mwenyewe akafungua kifuniko cha rejeta kabla ya wakati, maji ya kutu yakamrukia kifuani. Walirudi jioni wakivutwa na lori la mawe, yeye akiwa na suti yenye doa la rangi ya chai kutoka kolani hadi mfukoni. Huko ukweni watu walikuwa wamepikiwa na wamengoja. Simu haikuwapo ya kuwaambia.

Wiki tatu baadaye walikwenda tena, na ikachemka palepale, karibu na mti uleule. Kondoo na mbuzi wakarudi Mbotela mara ya pili. Walikuwa wamezoea vani kiasi kwamba ukifungua mlango wa nyuma waliruka wenyewe ndani.

Kisha ikaja barua. Mwenye vani alinisomea akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Ilisema: Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Msipofika, msituandikie tena.

Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nimekula. Nilimhurumia mtu yule. Usiku wa kuamkia safari ya pili nilikuwa nimemwona kupitia dirishani akijifunza kufunga tai mbele ya kioo cha kunyolea, anaifungua, anaifunga, anaifungua.

Mafundi walikwisha kupita wote. Fundi wa rejeta aliitoa, akaichemsha kwenye pipa la soda ya kusafishia, akaitia tena. Mwingine alitoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate joto, akakitupa, akasema nchi yetu haina baridi ya kutumia kitu kama hicho. Wa tatu alisema ni gasketi. Fundi wa waya yeye aliinua boneti, akawasha ile swichi nyeupe, akaweka kiganja karibu na mapanga ya feni.

"Inazunguka?" akaniuliza.

"Inazunguka."

"Basi mimi nimemaliza. Umeme uko. Waende wakatafute ugonjwa wao kwenye maji."

Alikuwa fundi mzuri, sisemi hivyo kwa dhihaka. Alianza kwa kutengeneza redio, kisha akafunga umeme wa nyumba, na mikono yake ilikuwa safi kuliko ya daktari. Lakini mimi nilikuwa na siku nzima na sina kazi. Nilijitengenezea taa ya kujaribia, yaani balbu ndogo ya gari na nyaya mbili, nikaanza kufuata umeme hatua kwa hatua. Kwenye betri, balbu iliwaka kali. Baada ya swichi, kali. Kwenye mota ya feni, ikawaka kama mshumaa uliochoka. Nikafuata waya mweusi, ule wa kurudishia umeme kwenye bodi, nikakuta umekazwa juu ya kutu. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaufunga tena. Feni ikanguruma. Vumbi la boneti likaruka.

Mwenye vani alikuja mbio akiwa na sabuni usoni. "Nini hiyo?"

"Feni," nikamwambia. "Ilikuwa inafanya kazi nusu."

Akaniangalia na povu lake, akanishika bega. Jioni ile Mbotela nzima ilijua kwamba ugonjwa umepatikana na aliyeupata ni yule anayelala kwenye magunia. Fundi wa waya alikuja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Waya wa ardhi," akasema. "Ningeutazama mwisho." Nililala nimeshiba sifa.

Jumamosi ikafika. Safari hiyo nilichukuliwa, niwe mtu wa kubeba maji. Mwenye vani aliendesha, suti imeoshwa lakini doa bado linaonekana ukijua pa kutazama. Kando yake alikaa baba yake mdogo, ambaye ndiye angekuwa msemaji. Nyuma, juu ya magunia, tulikuwa fundi wa waya, mimi, wale wanyama wawili, na shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupenya bati.

"Mimi niliolewa kwa safari moja," shangazi akasema tulipotoka Mbotela. "Tena kwa miguu. Huyu wetu anataka aoe mara ngapi ndipo apate mke mmoja?"

"Leo tunafika, shangazi," mwenye vani akasema bila kugeuka.

"Hata kondoo amesema hivyo. Mwulize, njia anaijua kuliko wewe."

Tulicheka mpaka Githurai. Baada ya hapo mimi nikaacha kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kiti cha dereva na niliuona mshale. Ulikuwa umevuka nusu. Kufika Ruiru ulikuwa umegusa nyekundu. Hatukuwa tumefika hata kwenye mananasi. Vani ilikuwa imechemka mapema kuliko safari zote mbili.

Mwenye vani akaiegesha kando ya daraja na kuzima. Maji yalikuwa yakigonga ndani ya rejeta. Safari hiyo hakuteremka kufungua kifuniko. Alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele kama bado anaendesha. Baba yake mdogo alikohoa, akatoa kofia, akaivaa tena.

Fundi wa waya hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nilikaa juu ya jiwe na dumu la maji, nikijiuliza jambo moja: nimeipa feni nguvu, na joto limezidi. Dawa ukiiongeza na mgonjwa akazidiwa, huenda si dawa. Nilikuwa na hofu kusema, kwa sababu lilisikika kama upumbavu, lakini saa zilikuwa zikienda.

Injini ilipopoa tukaongeza maji. Nikamwambia mwenye vani, "Twende, lakini uzime feni."

Fundi wa waya akageuka. "Nyumba inaungua, na wewe unafunga mfereji?"

"Tujaribu mpaka kwenye ule mwinuko tu. Mshale ukipanda, uiwashe."

"Kijana, hiyo feni ndiyo inayopoza. Ukiizima utapasua kichwa cha injini, halafu tutavutwa tena na lori la mawe."

"Mwache," akasema mwenye vani. Alisema kwa sauti ya chini sana. "Tumefanya yenye akili mara mbili."

Akabonyeza swichi nyeupe. Tukaondoka. Nilipiga magoti pale pale, na fundi akapiga magoti kando yangu, vichwa vyetu vikigongana, tukiutazama mshale. Ulisimama. Tulipopata kasi, ukaanza kushuka. Ukapita robo tatu, ukaja nusu.

"Si kweli," fundi akasema.

"Washa," nikasema. Mwenye vani akawasha. Haikuchukua hata maili mbili, mshale ukaanza kupanda. Akazima bila kuambiwa. Ukashuka.

"Inafanya nini?" shangazi akauliza kutoka nyuma. "Nielezeni na mimi, nimekalia kwato."

Tulisimama kabla ya Thika, penye kivuli. Tungeweza kwenda hivyo bila feni kwenye barabara ya lami, ambako gari linakimbia na upepo unaingia wenyewe. Lakini huko juu Murang'a ni matuta, gia ya pili, gari linatambaa, na bila feni tungechemka kabla ya kuona paa la mtu. Nikaomba gazeti lililokuwa limefungia blanketi la mama mkwe. Nikachana ukurasa, nikasimama mbele ya vani, injini ikinguruma, feni imewashwa, nikauweka ukurasa kwenye matundu ya mbele.

Ukanirukia usoni.

Nikaurudisha. Ukaruka tena, ukaenda mpaka kwenye mtaro. Upepo wa moto ulikuwa ukitoka ndani ya gari na kunipiga kifuani. Mara ngapi nilikuwa nimesimama pale Mbotela nikiusikia upepo ule, nikiona ni jambo zuri!

"Inapuliza kuja mbele," nikasema. "Gari likikimbia, upepo wa barabara unaingia, na feni inautoa. Inapigana nao. Nilipoikwangulia waya ndipo nikaipa nguvu ya kushinda."

Fundi wa waya aliokota lile gazeti mtaroni. Akaliweka yeye mwenyewe kwenye matundu, likaruka. Akaliokota. Kisha akasema, si kwangu, bali kwa rafiki yake:

"Wakini, ni mimi."

Hivyo ndivyo walivyoitana, watu waliotahiriwa pamoja. Mwenye vani akamtazama.

"Ulipoileta, ilikuwa inavuta," fundi akasema. "Niliiona kwa macho yangu. Inavuta hewa kutoka mbele kupitia kwenye rejeta. Nikasema, hawa waliofunga hii wamekosea, au kuna mtu aligeuza nyaya. Kwa sababu uji ukiwa moto, unauvuta au unaupuliza? Nikageuza, ili iipulizie rejeta. Nilifurahi hata. Sikukuambia, nilitaka iwe zawadi."

Shangazi ndiye aliyepasuka kwanza. Alicheka akajishika kwenye mlango. "Uji! Mtoto wa ndugu yangu amekaa bila mke kwa ajili ya uji!"

"Shangazi," mwenye vani akasema.

"Nimenyamaza. Nimenyamaza." Hakunyamaza.

Nilimtazama fundi na nikaona uso wake umekuwa wa mtu aliyevunja chombo cha wageni. Nikasema lililokuwa kweli, kwamba hata mimi nilisimama mbele ya feni ile siku saba na taa yangu ya kujaribia, nikaona umeme tu, sikuona upepo unakwenda wapi. Sijui kama lilimsaidia. Alitoa plaisi mfukoni mwa koti lake la harusi, akalala chini ya vani na shati lake jeupe, akang'oa zile nyaya mbili za mota, akazibadilisha nafasi. Hakutaka mtu mwingine aziguse. Alipotoka alikuwa na grisi mgongoni.

"Washa."

Nikaweka gazeti kwenye matundu, nikaondoa mkono. Likang'ang'ania pale kama limebandikwa kwa gundi. Baba mdogo, ambaye hakuwa amesema neno tangu Ruiru, akalisogelea, akasoma kichwa cha habari, akasema, "Hata ni gazeti la zamani," akarudi kukaa.

Tulipita mananasi. Tulipita ule mti, na kondoo akalia. Murang'a tukaacha lami, tukaanza kupanda kwenye udongo mwekundu, gia ya pili, mahali pengine ya kwanza, chai upande huu na bonde upande ule. Mshale ulisimama nusu kama umechorwa. Mwenye vani hakuamini. Kila kona aliuangalia, mpaka baba yake mdogo akamwambia aangalie barabara, asije akatufikisha ukweni kwa kubingiria.

Tulifika saa tisa imepita. Lango lilikuwa limefungwa kwa ufito, na hapakuwa na wimbo wala wanawake wa kutuuliza sisi ni nani, kama nilivyokuwa nimeelezwa. Palikuwa na kuku tu. Baba mdogo akashuka, akavaa kofia yake vizuri, akabisha kwa fimbo.

Mzee mwenye boma akatoka peke yake, kwenye fulana, na jembe mkononi. Akatutazama. Akaitazama vani, akaizunguka mara moja pole pole, akasoma jina la mwenyewe lililopakwa rangi mlangoni pamoja na neno Magunia. Akatazama doa la suti. Mwenye vani alikuwa amesimama wima, mikono ubavuni, tai imepinda.

"Mara ya kwanza tulipikia watu arobaini," mzee akasema. "Mara ya pili tukapikia ishirini. Leo nilimwambia mama yao apike cha nyumba tu."

"Baba, tumekuja na tulichoweza," baba mdogo akasema. "Njia ilikuwa ndefu kuliko tulivyoipima."

"Gari ni lake?"

"Ni lake. Na ubovu wake wote ni wake."

Mzee akaegemeza jembe kwenye ua. Sikuona akicheka, lakini alivuta ule ufito mwenyewe, akaulaza kando. Kondoo na mbuzi wakashuka na kuingia bila kusukumwa. Ndani ya boma mtu akapiga kelele, akaitikiwa na jirani ng'ambo ya bonde, na muda si muda wanawake wakaanza kuonekana kwenye vijia, huyu na sufuria kichwani, yule na viazi ndani ya kanga, wakiimba wimbo wa lango ingawa lango lilikwisha kufunguliwa. Shangazi akaenda kuwajibu katikati ya ua, sauti yake ikisikika tuta la pili.

Fundi cherehani akatoka jikoni na ndoo ya maji. Alikuwa na gauni la kazi, kitambaa cha zamani kichwani, miguu peku, na majivu mikononi. Akasimama mbele ya bwana wake wa magunia. Mimi, niliyekuwa naangalia kila kitu, nikaangalia pembeni.

"Nilikwisha kuvua," akasema. "Gauni. Saa saba nikasema basi, nikalivua."

"Pole," mwenye vani akasema.

Akaiweka ndoo chini, akapangusa mikono kwenye gauni la kazi, akaingia ndani kulivaa tena, nasi tukangoja.